Kazi ya odit kwa ofisi ndogo hapa Mombasa: nyota tatu na nusu

Hii rivyu ni ya ofisi ya odit, yaani ukaguzi wa hesabu, nliyojifunzia kazi hapa town, upande wa Nkrumah Road, na jina sitaji kwa sababu mji wenyewe ni mdogo na wale watu wananijua, alafu pia jina si la maana sana, ofisi za aina hii ziko nyingi kuanzia hapo Treasury Square mpaka Moi Avenue na zinafanana kila kitu: patna mmoja au wawili yaani wenye ofisi, kaunta ya mbao, mafaili mpaka darini, na vijana wachache wa kukimbizwa huku na huku. Nawaandikia nyinyi mliomaliza pepa za CPA, zile za uhasibu, ama mko karibu kumaliza, na kila mkienda mahali mnaambiwa hamna ekspiriensi.

Kwanza tuelewane maana naona watu wanachanganya. Mitihani ni habari ya KASNEB, bodi ya mitihani. Uanachama ni habari ya ICPAK, chama cha wahasibu. Na kusaini ripoti ya odit, yaani ufungue ofisi yako na bango lako nje, hio ni habari ya tatu kabisa, inataka ile leseni ambayo ICPAK wanaitoa chini ya Accountants Act ya 2008, na ukijifanya odita bila hio leseni unavunja sheria, si mchezo. Sasa leseni haiji kwa kupasi mitihani peke yake, wanataka umefanya ukaguzi wenyewe chini ya mtu ambaye yeye tayari anayo. Hapo ndo watu wanakwama. Unaweza ukawa mhasibu wa hoteli kule Diani mpaka ukaota mvi, hesabu unazijua kuliko patna, lakini odit wewe umekuwa ukifanyiwa tu, hujawahi kuifanya.

Na msiniambie habari za zile kubwa nne. Deloitte, PwC, KPMG na EY wanachukua vijana ndio, lakini foleni ni ya nchi nzima, kuna mitihani ya kompyuta, kuna intavyuu juu ya intavyuu, na mie nlikuwa nshafanya hesabu kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini muda mrefu, umri ushasonga, nina mtoto, kuhamia Nairobi kwenda kushindana na watoto waliotoka chuo juzi haikuniingia akilini. Ikabaki hizi ofisi ndogo.

Nafasi zao hazitangazwi, hilo mlijue mapema. Nlitembea na bahasha zangu jengo kwa jengo, lifti mbovu unapanda ngazi, na kila mahali wa kwanza kukutana naye ni yule mama wa mapokezi. Huyo mheshimuni sana. Nlimwamkia shikamoo, akaniuliza, "Umetumwa na nani mwanangu?" Nkamwambia sijatumwa na mtu mama, nimeleta makaratasi yangu mwenyewe. Akacheka, akanambia keti hapo, mzee yuko benki. Vijana wengine nliowakuta pale waliacha bahasha kwa kaunta wakaenda zao, na nadhani mpaka leo ziko kwa droo.

Intavyuu yenyewe ilinifurahisha. Patna hakuniuliza kuhusu udhaifu wangu wala nitakuwa wapi baada ya miaka mitano. Alinipa stetimenti ya benki ya mteja, jina limefutwa kwa kalamu nyeusi, na kurasa za kitabu cha pesa, akanambia linganisha, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi hata jumla hakuitazama, aliweka kidole kwa cheki moja ya mwisho wa mwezi ambayo haijapita benki akaniuliza, "Na hii utaifanyaje?" Nkamwambia naomba stetimenti ya mwezi unaofuata nione kama ilipita, na isipopita nauliza kwa nini, pengine cheki iliandikwa ikawekwa kwa droo tu. Akanyamaza kidogo, alafu, "Kesho njoo na laptopu yako." Yangu, sio ya ofisi. Ofisi haitoi laptopu, hilo pia mlijue.

Posho ni elfu kumi na mbili kwa mwezi. Ni nauli na chakula cha mchana, basi, na mara nyingine inachelewa mpaka tarehe kumi na kitu. Mie natoka Likoni, feri kwa mtu wa miguu ni bure kwa hio nlikuwa napumua kidogo, lakini mwenzangu wa Mtwapa alikuwa akifika mwisho wa mwezi anakopa. Kama una familia na huna kingine pembeni, fikiria vizuri, mie nlikuwa na mke anayefanya kazi ndo maana niliweza.

Sasa kazi yenyewe. Hapa ndo nyota wanazipata, kwa sababu kwa ofisi ndogo hakuna mtu wa kukuficha nyuma, mara moja unatupwa kwa mteja. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuhesabu stoku tarehe 31 Desemba, watu wako Mama Ngina wanangoja fataki, sisi tuko kwa godauni Shimanzi, joto lile unalijua, mabati juu, feni hakuna. Mteja ni muuza vifaa vya ujenzi. Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja mkali kama pilipili, mfupi, miwani, raba miguuni, na yeye ndo sababu ya mie kuandika hii rivyu kwa wema.

Nliyodhani ni kuhesabu tu kumbe ina akili yake. Watu wa mteja ndo wanahesabu, sisi tunawapima. Unachagua vitu kutoka kwa karatasi yao unaenda kuvitafuta chini, ili ujue walichoandika kipo kweli. Alafu unageuza, unachagua kitu chini, rundo lolote lile la pembeni lenye vumbi, unakitafuta kwa karatasi, ili ujue hawajaacha kitu nje. Ukifanya upande mmoja tu umefanya nusu ya kazi. Makopo ya rangi tulikuwa tunayanyanyua tusikie uzito. Na saruji, hapo dada alipiga mfuko kwa ngumi, ukatoa sauti kama jiwe, unyevu wa pwani ushaingia, rundo zima limeshikana, lakini kwa vitabu limeandikwa kwa bei ya kununulia kama limefika jana. Akaniambia andika, hii haiwezi kubaki kwa bei hio kama haiuziki kwa bei hio.

Nje ya geti kulikuwa na lori limejaa mabati. Mzee wa stoo akatuambia hilo msihesabu wanangu, lishauzwa, dereva tu ndo ameenda kula. Mie ningepita. Dada akamuuliza kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, delivari yake iko wapi?" Delivari, ile karatasi ya kutolea mali, haijaandikwa, itaandikwa kesho asubuhi. Kesho ni mwaka mwingine! Akamwambia basi mzee wangu kama karatasi ni ya mwaka ujao na mali haijatoka getini, mabati haya ni ya leo, twendeni tuhesabu. Tukapanda juu ya lori usiku tunahesabu mabati kwa tochi ya simu. Kabla ya kuondoka akachukua namba ya delivari ya mwisho na namba ya mwisho ya kupokelea mali, ili tukirudi Februari kwa odit kamili mtu asituingizie mauzo ya Januari ndani ya Desemba. Hii kitu nlikuwa nimeisoma kwa pepa ya odit na nkaipasi vizuri tu, lakini pale juu ya lori ndo nliiona.

Ofisini nako kuna kile kinachonifanya nimuombee huyo dada dua mpaka leo. Kila karatasi ya kazi unayoandika lazima iseme imetoka wapi, umeangalia nini, umekuta nini, na unaonaje, na sahihi yako na tarehe. Kipimo chake ni kile kile cha viwango vya kimataifa, ISA 230, kwamba odita mwingine mzoefu asiyejua chochote kuhusu huyo mteja achukue faili aelewe ulichofanya bila kukupigia simu. Alikuwa anarudisha makaratasi yamejaa wino mwekundu, "Nani kakwambia? Umeona kwa macho au umeambiwa?" Hilo swali la pili nlikuwa naliota usiku. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba mashine ya mteja ipo, dada akamuuliza umeiona, akasema fundi amethibitisha, akarudishwa Changamwe na matatu mchana wa jua kali aende akaiguse.

Barua za benki pia. Mteja anaisaini kuruhusu benki ituambie salio, lakini kuipeleka tunaipeleka sisi, na jibu linakuja kwetu moja kwa moja, halipiti kwa mikono ya mteja. Kuna mhasibu mmoja alitusihi sana, ati mbona mjisumbue na jua hili, mie naenda benki sasa hivi nawapelekea. Alikuwa mkarimu kwa kweli, lakini hapana, tukaenda wenyewe.

Kuhusu ukarimu, nyie mnajua pwani. Ijumaa kwa wateja wengine inakuja sinia ya biriani na maji ya ndimu, na hamuwezi kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Patna alikuwa na sheria yake: chai na chakula kuleni na wenzenu, bahasha msiguse hata kama imeandikwa nauli. Naona ni sheria nzuri. Biriani ya mteja wa Shimanzi peke yake inastahili nyota.

Na ofisi ndogo ina utamu wa kukupitisha kwa kila aina ya biashara. Sacco ya matatu, shule ya kibinafsi, kampuni ya kusimamia nyumba za ghorofa Nyali ambapo nusu ya wapangaji hawalipi pesa za huduma, shirika lenye pesa za wafadhili ambapo kila risiti ya maji ya kunywa lazima uione, watu wa mizigo ya bandari ambao pesa kubwa inayopita kwao ni ya ushuru wa mteja wao wala si mapato yao. Hio ya mwisho mie nlikuwa naijua kwa kazi yangu ya zamani na patna alinitumia kama mtaalamu, nkajisikia.

Haya, tuje kwa zile nyota zilizoanguka.

Juni. Wallahi Juni niacheni. Watu binafsi mwisho wa ritani za kodi ni tarehe 30 Juni, na kampuni zinazofunga mwaka Desemba nazo zina miezi sita, kwa hio zinaangukia siku hio hio, na patna hakatai mtu. Mwezi mzima odit imesimama, tuko kwa iTax, mtandao wa kodi wa serikali, kama vijana wa saiba, foleni mpaka ngazini, mama wa genge anataka nil ritani, ile ya kusema hukupata kitu, dereva amesahau paswodi na imeili iliyosajiliwa ni ya mtu wa saiba aliyehama. Na hata miezi mingine, ikifika tarehe 9 ni PAYE, kodi ya mishahara, ikifika tarehe 20 ni VAT, kazi ya ukaguzi inawekwa kando. Najua ndo inalipa kodi ya ofisi, sikatai, lakini mie nlikuja kutafuta uzoefu wa odit na kubonyeza ritani hakunihesabii kitu.

Kubwa kuliko hilo ni hili, na hapa nyota nzima nimeitoa bila kusita. Kuna wateja wadogo ambao sisi ndo tuliwaandikia vitabu, alafu sisi hao hao tukavikagua. Mie nimeingiza, jirani yangu wa meza anakagua, mchana tunakula viazi karai pamoja. Patna anasema ni watu wawili tofauti kwa hio hakuna shida. Shida ipo! Unakuwa unajikagua mwenyewe, na kanuni za maadili za taaluma zinalitaja hilo waziwazi kama hatari kwa uhuru wa odita. Jirani yangu angepata kosa langu angeniambia kwa mdomo nirekebishe, nani aandike kwa faili? Nlimuuliza dada, akashusha pumzi tu.

Alafu kuna kusainiwa. Uzoefu ambao haujaandikwa na haujasainiwa ni hadithi ya barazani. Patna hakatai kusaini, lakini hana haraka, yuko safarini, yuko msibani, niwekee mezani. Tulikuwa na msichana anayefanya ACCA, mitihani ya uhasibu ya Uingereza, na wao mfumo wao uko wazi, miezi 36 ya kazi na malengo tisa ya utendaji, matano ya lazima na manne ya kuchagua, anaandika mwenyewe kwa akaunti yake kwenye mtandao na msimamizi anaidhinisha. Huyu msichana alikuwa akimaliza kazi tu anaandika ikiwa bado moto, na patna akiingia mlangoni anamkabili kabla hajakaa, "Mzee samahani, kuna kitu changu kinakungoja." Sisi wa CPA tukaanza kumuiga, kila mtu akanunua daftari lake: mteja gani bila kutaja siri zake, sehemu gani ya odit, saa ngapi, nani alisimamia, na kila baada ya robo mwaka unampelekea asaini zote pamoja. Mkiingia ofisi kama hizi fanyeni hivyo kuanzia wiki ya kwanza, msingoje mpaka siku ya kuaga, maana siku ya kuaga patna ashakasirika kwamba unamwacha.

Kabla hujakubali posho ya mtu, uliza nani anasaini ripoti za hio ofisi. Sio nani bosi, nani anasaini. Ripoti ya odit hapa kwetu inataja jina la patna aliyehusika na namba yake ya leseni, ile P/No, kwa hio omba uone moja ya zamani ama ingia kwa tovuti ya ICPAK utafute jina la ofisi na la patna kama wamo na kama wako sawa mwaka huu. Ukikuta mwenye ofisi hana leseni na ripoti zinapelekwa kusainiwa kwa mtu mwingine mjini, shukuru, aga, shuka ngazi, hapo utafanya kazi na hakuna atakayeweza kukushuhudia. Uliza pia kwa mwaka mtu wa kujifunza anaenda kwa wateja mara ngapi na anakaa ofisini na ritani mara ngapi, na mwulize kijana aliyeko pale sio patna, kijana atakwambia ukweli mkitoka kunywa chai. Na ruhusa za mtihani kama hujamaliza, kwa sababu KASNEB wana mitihani Aprili, Agosti na Desemba, na ya Aprili inaangukia katikati ya msimu wenyewe wa odit, mwenzetu alipewa ruhusa lakini simu hazikukoma, "ile faili ya sacco uliiweka wapi?"

Kama uko na digrii mpya, kijana, huna mzigo, jaribu zile kubwa kwanza, hakuna ubaya. Kama uko kama mie, mtu wa Mombasa, mhasibu wa muda mrefu, una CPA na hutaki kuhama, ofisi ndogo yenye patna wa leseni na msimamizi mkali itakupa odit ya kweli haraka kuliko unavyodhani, mradi uvumilie posho na Juni. Bila yule dada ningewapa nyota mbili.

Wakati mzuri wa kuzunguka na bahasha ni Septemba na Oktoba, wanapoanza kuhesabu vichwa vya watu wa kazi za Desemba. Januari ushachelewa, wote wako kwa wateja na ofisini hakuna mtu wa kukusikiliza. Nenda asubuhi, Ijumaa usiende kabisa, na uwe umejikumbusha kulinganisha kitabu cha pesa na stetimenti ya benki kwa karatasi na kalamu, sio kwa Excel.